Sura ya Nne: Ndugu Wasiofanana

Kipili iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini kabisa ya mteremko unaoshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa. Ukitoka Sumbawanga unapita Chala na Namanyere, kisha barabara inaanza kuteremka, baridi inabaki nyuma na joto la ziwani linakupokea. Upande wa pili wa maji ni Kongo, na muziki wa Kongo haujawahi kuhitaji kibali cha kuvuka. Mtu wa Kipili asiyejua Kilingala akiusikiliza wimbo kwa makini, atalinasa neno moja linalorudi tena na tena: moto. Ataamini mwimbaji anaungua kwa mapenzi. Mara nyingi mwimbaji anasema tu "mtu".

Kwa Kilingala, moto ni mtu, na wingi wake ni bato. Moto unaowaka nao una neno lake, na kwenye maandishi ya kawaida huandikwa vilevile, ila irabu zake hutamkwa kwa kinywa kilichofunguka zaidi na sauti huanzia juu. Kwa hiyo Kilingala kina maneno mawili ambayo sikio la Mswahili linayasikia kuwa moja. Hilo la pili ndilo lililochangia asili na moto wetu. La kwanza, lile linalojaa kwenye nyimbo, ni ndugu wa neno jingine kabisa la Kiswahili, yaani mtu, ingawa hayo mawili ukiyaweka bega kwa bega huoni kwa haraka kinachoyaunganisha.

Swali la sura hii ni hilo. Tunaposikia neno katika lugha ya wengine likifanana na letu, tuna haki gani ya kusema asili yake ni moja? Ni swali ambalo Watanzania wengi wamelijibu wakiwa ndani ya basi au kwenye foleni, na jibu huwa ni lilelile: "Mbona ni neno moja tu, sikia mwenyewe." Nataka kuonyesha kwamba kusikia peke yake ni ushahidi dhaifu mno, na kwamba ushahidi wenye nguvu mara nyingi hupatikana kwenye maneno ambayo hayafanani hata kidogo.

Turudi kwa mtu na moto. Kinachotupa ujasiri wa kuyaita ndugu ni kwamba tofauti zilizopo kati yake zinajirudia kwingine kwa utaratibu uleule. Kiswahili kina mtima, neno la zamani la moyo ambalo washairi hawajaliacha. Kilingala kina motema. Penye m- yetu wao wana mo-, kama ilivyo kwa mtu na moto. Sisi tunasema watu na wana; wao wanasema bato na bana. Penye w yetu wana b. Neno moja linaweza kufanana na jingine kwa bahati. Lakini bahati haipangi safu.

Kisha panua mduara. Mfipa anasema umuntu, na Mbemba wa Zambia, jirani yake wa kusini, anasema umuntu. Mkikuyu anasema mũndũ. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wao wanasema munhu, na wingi ni banhu. Washona wa Zimbabwe nao wanasema munhu. Jaribu sasa na neno kitu. Kwa Kibemba ni icintu, kwa Kinyarwanda ikintu, kwa Kikuyu kĩndũ, kwa Kishona chinhu. Unaona kinachotokea: Mkikuyu aliyeweka nd kwenye mtu ameiweka pia kwenye kitu, na Mshona aliyeweka nh hakubadili nia njiani. Kiswahili ndicho kilichoiangusha n hiyo, na kiliiangusha kote kuwili. Kila lugha imeshika njia yake na imeifuata bila kuyumba.

Kutoyumba huko ndiko wanaisimu wanakokuita ulinganifu wa sauti, na ndio msingi wa kila kinachojulikana kuhusu undugu wa lugha. Mwaka 1786, jaji Mwingereza aliyeitwa William Jones alisimama mbele ya wasomi wenzake mjini Calcutta na kusema kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kwa namna isiyoweza kuwa ya kubahatisha. Kwetu kazi kama hiyo ilianzia Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika huko mwaka 1844, alichapisha mwaka 1850 kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki zikiwa zimepangwa safu kwa safu: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao, na lugha ya Waoromo. Huhitaji shahada yoyote kuelewa kurasa zake. Jicho linatembea kutoka safu hadi safu na neno linabadilika kidogo kidogo, mpaka linapofika kwa Waoromo linakatika ghafla na kuwa kitu kingine. Safu tano ni za ukoo mmoja, ya sita ni ya ukoo wa mbali. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, aliuita ukoo huo Bantu, kwa kutumia neno hilihili la watu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la neno zaa. Kizulu kinasema zala, hiyo haina taabu. Kisukuma kinasema byala. Kinyarwanda ni kubyara, Kirundi ni kuvyara, Kikuyu ni ciara, na Kibemba ni fyala. Mweke mtu yeyote chini umwambie zaa na fyala ni neno moja, atakucheka. Lakini fuata nyayo. Kiswahili kina tabia ya kuangusha l katikati ya irabu: Wasukuma wakisema mbula na nzala, sisi tunasema mvua na njaa. Kwa hiyo mwisho wa zaa palikuwa na l. Na mwanzo wake? Kiswahili cha zamani kilisema vyaa, ndiyo maana hadi leo mama mkwe huitwa mavyaa. Sasa vyala na fyala yamekaribiana sana, yametenganishwa na v na f tu. Na v yetu kuwa f kwa Wabemba si jambo jipya: vitu vyetu ni ifintu vyao, mvua yetu ni imfula yao. Neno lililoonekana geni limerudi nyumbani kwa hatua tatu, na kila hatua ina mashahidi wake mahali pengine.

Kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa upana na Carl Meinhof, aliyechapisha kitabu chake kuhusu sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, na baadaye Malcolm Guthrie wa London, ambaye majuzuu yake manne yalitoka kati ya 1967 na 1971 yakiwa na seti zaidi ya 2,000 za maneno yaliyolinganishwa. Guthrie ndiye aliyezipa lugha hizi anwani za herufi na namba. Kiswahili ni G42, Kibemba ni M42, na Kifipa ni M13. Hizo namba ni za kupangia rafu tu, hazithibitishi undugu. Hata hivyo kuna jambo la kutafakari kwamba Kifipa, lugha ya Rukwa, kiliwekwa herufi moja na Kibemba cha Zambia. Mpaka wa nchi ulichorwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Maneno yalikuwa yameshajipanga kabla yao.

Sasa tuje kwenye jina ambalo kila aliyesoma shule ya msingi nchini amewahi kuelezwa maana yake, pengine kwa namna mbili zinazopingana: Tanganyika.

Richard Burton na John Hanning Speke waliliona ziwa hili tarehe 13 Februari 1858, wakiwa wametoka pwani na msafara uliofuata njia ya wafanyabiashara. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton alieleza kwamba jina hilo linatokana na kitenzi cha wenyeji, ku-tanganyika, chenye maana ya kukutana au kuungana, kwa sababu maji mengi yanakutana hapo. Akaongeza kwamba kwa lugha ya Zanzibar t hiyo hugeuka ch, ndipo tunapata kuchanganyika. Maelezo hayo yamenukuliwa na kurudiwa kwa zaidi ya miaka 160. Yanapendeza, na Burton hakuwa mtu wa kubahatisha lugha; alizijua nyingi. Zaidi ya hapo, t na ch anazozitaja zipo kweli. Waulize watu wa Mombasa. Kiunguja kinasema macho, Kimvita kinasema mato. Cheka ni teka, mchanga ni mtanga, mchele ni mtele, chinja ni tinda. Hata Kiswahili sanifu kimeokota sura zote mbili za shina hilihili la kuchanganyika: tuna changamana na tuna tangamana, na kutokana na hili la pili tukapata utangamano, neno ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki inalitumia kila siku.

Kwa hiyo Burton aliona kanuni ya kweli. Shida ni mahali alipoipeleka.

T hiyo ni ya pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu. Je, bara ilikuwa nini? Tuchukue cheka. Kibemba ni seka, Kinyarwanda ni guseka, Kishona ni seka, Kikuyu ni theka, Kizulu ni hleka. Chukua chinja: Kikuyu ni thĩnja, na Kizulu kina hlinza, yaani kuchuna mnyama. Sauti ya kale iliyozaa ch ya Unguja na t ya Mombasa ilizaa th Ukikuyuni, hl Uzuluni, na s katika sehemu kubwa ya bara, ikiwemo nchi zinazolizunguka ziwa. Basi shina la kukutana na kuchanganyika, likifika bara, tunalitarajia na s. Nalo lipo kama kanuni inavyodai. Washona wakikutana wanasema sangana. Wazulu ni hlangana. Kirundi, lugha inayosemwa kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili, kina gusanga, kumkuta mtu, na gusanganira, kwenda kumlaki.

Mtu wa ziwani ambaye angetaka kuliita ziwa lake Mchanganyiko kwa lugha yake, angeanza na s. Na mtu wa pwani ambaye angelipa jina hilo, kwa kuwa misafara ilitoka Zanzibar na Bagamoyo, angeanza na ch. T haina pa kukaa katika maelezo ya Burton. Ndiyo maana siyakubali, pamoja na heshima yote ambayo muda umeyapa.

Maelezo ya pili ndiyo yaliyozoeleka zaidi midomoni: tanga, lile la chombo, na nyika. Nyika yenyewe ina ukoo mpana na wa kuaminika. Kwetu ni pori lililo wazi, Malawi kuna uwanda unaoitwa Nyika, na kwa Washona nyika ni nchi. Lakini maelezo haya yana udhaifu wa aina nyingine. Yamepatikana kwa kulikata jina vipande mahali ambapo sikio lilitaka kulikata. Kata mahali pengine utapata kutanga, yaani kuzurura, nyikani, na kuna wanaolieleza hivyo. Neno lolote refu likikatwa kwa uhuru wa kutosha litatoa vipande vyenye maana kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kina maneno mengi ya silabi mbili. Tanga na nyika ni kisa kizuri kilichotungwa baada ya jina kuwepo. Hakuna seti ya sauti inayokiunga mkono.

Ziwa lenyewe lilikuwa na majina zaidi ya moja. David Livingstone alipofika ncha yake ya kusini mwaka 1867, alisikia likiitwa Liemba, na akaliandika hivyo akidhani huenda ni ziwa jingine. Jina hilo ndilo walilopewa abiria wa Kipili kwenye ubavu wa meli: ile Graf von Goetzen iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na kurudi majini mwaka 1927 ikiwa MV Liemba. Tanganyika likachukuliwa na Waingereza mwaka 1920 kuwa jina la nchi nzima, nalo likaishi hivyo hadi Muungano wa 1964. Jina la maji likawa jina la taifa, na hapo ndipo kila mtu alipoanza kulitafutia maana inayostahili taifa.

Niseme sasa kuhusu bahati, maana bahati ni kubwa kuliko tunavyodhani. Dunia ina lugha zipatazo 7,000, na kinywa cha binadamu kina sauti chache. Maneno yatagongana tu. Mfano unaojulikana sana unatoka Queensland, Australia, ambako mwanaisimu R. M. W. Dixon aliirekodi lugha ya Wambabaram katika miaka ya 1960 na kukuta kwamba mbwa wanamwita dog, sawasawa na Kiingereza. Mtu wa haraka angesema wameiga kwa walowezi. Dixon alifuatilia sauti na kuonyesha kwamba neno hilo lilikuwa gudaga katika lugha jirani, likapoteza herufi zake za mwanzo na kubadili irabu kwa kanuni zilezile zilizoyapata maneno mengine ya Kimbabaram. Dog yao imetembea njia ndefu ikiwa peke yake hadi kukutana na dog ya London.

Kwetu tuna pesa. Wengi huiunganisha na peso ya nchi za Amerika ya Kusini, kwa kuwa zote ni fedha. Peso ni neno la Kihispania lenye maana ya uzito, na asili yake ni Kilatini. Pesa yetu ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka paisa ya India, na Wajerumani walipotawala hapa rupia yao iligawanywa kwa pesa 64, hadi mwaka 1904 walipoigawa upya kwa heller 100. Heller hiyo tumebaki nayo mdomoni, tunaiita hela. Kwa hiyo pesa na hela, ambazo hazifanani sana, zimetoka mfuko mmoja wa kikoloni, wakati pesa na peso, zinazofanana karibu zote, hazijuani.

Maneno ya watoto wachanga yasihesabiwe kabisa. Baba ni baba kwa Mturuki na kwa Mchina pia. Mbemba humwita baba tata, na Mromania humwita tată. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza mwaka 1959 kwa nini: m, b, p na t ndizo sauti ambazo mtoto anazimudu mwanzo, na wazazi duniani kote huamini kwamba mtoto anawaita wao. Wageorgia wa Kaukazi ndio wanaotupa uthibitisho mzuri, kwani kwao mama ni baba.

Kuna kufanana kwa aina nyingine ambako si bahati na si undugu, nako ni kuazima. Mwindonesia huiita bendera bendera. Hakuna Mswahili aliyemfundisha, wala yeye hakutufundisha; wote wawili tulilichukua kwa Wareno. Meza yetu na meja yao ni hivyohivyo. Bara tunasema shule na Zanzibar wanasema skuli, na haya ni neno moja la kale la Kigiriki lililopita Kilatini, kisha likagawanyika: moja likaletwa na Mjerumani, jingine na Mwingereza. Sijui mfano ulio karibu zaidi na sisi wa neno moja kuingia nyumba moja kwa milango miwili.

Kuazima ndiko kunakowapotosha wanaosema Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Wanahesabu sita, saba, tisa, kitabu, habari, dunia, na hesabu yao ni sahihi. Lakini angalia Kiswahili kilichofanya na kitabu. Kiarabu kilileta kitāb, neno ambalo k-t-b zake tatu ndizo shina. Mswahili akasikia ki- mwanzoni, akaiona kuwa ni ile ki- ya kiti na kisu, akasema vitabu. Neno ni la mgeni, sheria ni za mwenye nyumba. Na ukitoka sokoni na msikitini ukaingia mwilini na shambani, kwenye jicho, kula, kufa, kulima, mvua, mbili, tatu, nne, unajikuta uko kwa ndugu wa kina Mfipa. Lugha huazima haraka majina ya vitu vinavyosafiri, na huazima polepole sana yale ambayo kila mtu alikuwa nayo kabla mgeni hajafika.

Samaki, kwa mfano, husafiri. Wale warefu wembamba wenye mafuta ambao Kipili huitwa migebuka, Burundi huitwa mukeke na Zambia bukabuka. Migebuka na bukabuka yanaelekea kushikana, mukeke haielekei popote, lakini mimi nisingejenga hoja yoyote ya ukoo juu ya majina haya, kwa sababu jina la samaki hupanda mtumbwi pamoja na samaki na kuuzwa naye. Dagaa walioanikwa ufukweni, wanaometa mchanga mzima asubuhi jua likishapanda, Burundi huitwa ndagala. Hapo naona kitu cha kushika: l iliyopo kwao na isiyopo kwetu ni ileile ya mbula na mvua, ya nzala na njaa. Neno lililobeba alama ya sauti linaeleza mengi kuliko neno linalofanana tu.

Watawala wa Ufipa waliitwa Mwene. Uwanda huu ulikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na jina la wilaya ya Nkasi ambamo Kipili imo ni kumbukumbu ya ile ya kwanza. Neno Mwene lina ndugu pande zote za bara. Yule mtawala wa nchi ya Washona ambaye Wareno walimwandika katika karne ya 16 alikuwa Mwene Mutapa. Kongo alikuwepo Mwene Kongo. Kiswahili kina mwenye, anayemiliki, na mwenyewe. Pwani likawa mwinyi, cheo cha wenye miji, na mtawala wa jadi wa Unguja akaitwa Mwinyi Mkuu. Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, Mfipa yeyote mzee angeweza kulisikia ndani ya jina lake neno la ikulu za kwao. Hapo kufanana kunaonekana wazi, na sauti na maana na mgawanyo wa neno vyote vinakubaliana, kwa hiyo sikio na kanuni vimekutana.

Sumbawanga je? Wenyeji hueleza kwamba jina maana yake ni "tupa uchawi wako", onyo kwa mgeni anayepanda uwandani na mambo yake. Kila Mtanzania analisikia wanga hapo ndani, maana wanga ni wachawi wa usiku na kuwanga ndiyo kazi yao. Je, ni kufanana kwa bahati, kama pesa na peso? Twende Kibemba. Ubwanga ni dawa yenye nguvu, hirizi, kitu cha kumlinda mtu au kumdhuru. Mwenye kuitumia kuponya ni ng'anga, ambaye kwetu ni mganga na kwa Wakongo wa Kongo Central ni nganga. Guthrie aliviweka vyote, mganga na dawa yake, chini ya shina moja lenye g mwanzoni. Na g hiyo ilianguka mahali pengi. Mganda anasema genda na Mnyarwanda kugenda. Mswahili na Mbemba wanasema enda. Nyuma ya n haikuanguka, ndiyo maana nganga ameibakiza yake. Ondoa g kwenye uganga, kama ilivyoondoka kwenye genda, utabaki na u-anga, na u ikikutana na a hutamkwa wanga.

Hivyo ndivyo ninavyolisoma jina la mji huu: wanga wa Sumbawanga ni ndugu wa mganga, ambaye watu humkimbilia ili awaondolee wanga. Shina moja likatoa dawa na likatoa sumu, jambo ambalo wazee wa Ufipa hawatalishangaa, kwa kuwa anayejua mti wa kuponya anaujua na wa kuua.

Neno hilo limeenda mbali kuliko mengine yote niliyoyataja. Angola, kwa Kimbundu, wanga ni uchawi. Watumwa waliochukuliwa kutoka Angola na Kongo walipanda nalo melini, na hadi leo huko Haiti, kisiwani Karibi, hirizi ya kufunga au kumroga mtu huitwa wanga.